Nina grinikadi na naishi Texas: ninunue bastola?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni Mtanzania wa miaka 38, naishi Houston na mke wangu na watoto watatu, mkubwa ana miaka 15. Nina grinikadi, uraia bado. Nabeba boksi ghalani, zamu ya usiku. Mwezi uliopita nyumba ya jirani ilivunjwa. Wenzangu kazini, Wamarekani, wanashangaa kusikia sina silaha; wanasema hapa Texas baba mwenye nyumba hakosi bastola. Mke wangu hataki hata kusikia habari hiyo. Binamu yangu tunayeishi naye, aliyekuja kusoma chuo, anaungana na wale wa kazini. Naomba unieleze: sheria inaniruhusu? Mtu akiingia ndani nikampiga risasi, nitafungwa? Na ni kweli bastola inalinda familia?

JIBU: Marahaba. Nianze na jambo ambalo wenzako wa ghalani hawatakuambia, kwa kuwa haliwahusu. Wewe na wao mtaingia duka moja, mtanunua bastola ya aina moja kwa bei moja, lakini hatari mnazobeba mkitoka pale mlangoni si sawa. Mmarekani akikosea na silaha atalipa faini au atafungwa, kisha atarudi kwake. Wewe ukikosea unaweza kupandishwa ndege ya Dar es Salaam huku watoto wamebaki Houston.

Kuruhusiwa, unaruhusiwa. Sheria ya shirikisho, ambayo msingi wake ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968, inawataja watu wasiotakiwa kumiliki silaha wala risasi: aliyepatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai, aliyepatikana na hatia ya kumpiga mwenza wake hata kama mahakama ililiita kosa dogo, aliyewekewa amri ya mahakama ya kumlinda mwenza wake dhidi yake, mtumiaji wa dawa za kulevya, aliyeko nchini bila kibali, na wengi wa walioingia kwa viza za muda kama za masomo na utalii. Mwenye grinikadi hayumo. Ukitimiza miaka 21 unaweza kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni. Utajaza fomu namba 4473, utaonyesha kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa na kuandika namba yako ya uhamiaji, kisha muuzaji ataulizia jina lako kwenye mfumo wa FBI ulioanza kazi mwaka 1998. Mara nyingi jibu hutoka ukiwa umesimama palepale. Na tangu Septemba 2021 Texas haidai kibali cha kubeba bastola kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea asiye na kizuizi cha kisheria. Anajibebea tu, awe ameificha au ameivaa kiunoni ionekane.

Kwa mtu aliyekulia nyumbani jambo hili linashangaza. Kule, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, unaomba, unaeleza unaitakia nini, polisi wanakuchunguza, na unaweza kuambiwa hapana ukaenda zako. Mwombaji ndiye anayetakiwa kuonyesha kwa nini apewe. Kwa Texas, serikali ndiyo inayotakiwa kuonyesha kwa nini unyimwe. Chanzo ni Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, ambayo katika sentensi moja yanataja wanamgambo waliopangwa vizuri na haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Kwa miaka mingi wanasheria wamevutana: haki hiyo ni ya mwanamgambo, au ya kila mtu nyumbani kwake? Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba ni ya mtu binafsi. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikaenda mbele zaidi: haki hiyo haiishii mlangoni, na sheria yoyote ya kudhibiti silaha lazima ioane na mapokeo ya kihistoria ya nchi. Miaka miwili baadaye mahakama ileile, kwa kura 8 dhidi ya 1, ilikubali kwamba mtu aliyeonekana na mahakama kuwa tishio kwa mwenza wake anaweza kuzuiwa kuwa na silaha. Kesi hiyo, ya Rahimi, ilitoka hapohapo Texas. Kwa hiyo mtu anayekuambia haki hii haina mipaka anakudanganya, na anayekuambia kesho serikali itakuja kukusanya bastola za watu naye anakudanganya.

Turudi kwenye ile fomu 4473, maana watu wetu huitazama kama karatasi ya kawaida ya dukani. Inauliza uraia. Muuzaji akiwa na haraka, au wewe mwenyewe ukajaza kwa mazoea, ukaweka alama kwenye “raia wa Marekani”, umejitia kwenye shimo ambalo hata wakili hodari hupata taabu kukutoa. Kudai uraia usio wako ni miongoni mwa makosa ya uhamiaji yenye misamaha michache mno. Inauliza pia kama unatumia bangi, na inakukumbusha palepale kwamba jimbo kuihalalisha hakubadilishi sheria ya shirikisho. Kisha inauliza kama mnunuzi halisi ni wewe. Ndugu asiye na makaratasi akikupa hela umchukulie bastola kwa jina lako, hilo ni kosa kubwa, na sheria iliyopitishwa Juni 2022, baada ya mauaji ya shuleni Uvalde, Texas, imeliwekea kifungo cha hadi miaka 15. “Nilikuwa namsaidia tu” haijapata kuwa utetezi.

Baada ya kununua ndipo sehemu ngumu inapoanza. Sheria ya uhamiaji inasema asiye raia aliyetiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kutumia, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote anaweza kuondolewa nchini. Haijali kama ilifyatuka au haikufyatuka, wala kama kuna mtu aliumia. Na mtu wa namna hiyo akishikwa na maofisa wa uhamiaji, kwa kawaida sheria inataka akae kizuizini bila dhamana hadi kesi yake iishe.

Utaniuliza: mtu mstaarabu kama mimi nitatiwaje hatiani? Kwa kusahau. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege Marekani walikamata silaha 6,737 kwenye mizigo ya mkononi, na zaidi ya asilimia 90 zilikuwa na risasi ndani. Wengi wa wale si majambazi. Ni watu waliobeba begi lilelile la kila siku. Vivyo hivyo kuna ofisi za shirikisho, zikiwemo zile za uhamiaji unakokwenda kwa mahojiano ya uraia, kuna shule, kuna baa zinazoingiza zaidi ya nusu ya mapato yao kwa pombe. Raia akinaswa huko, wakili wake atatafuta mapatano na mwendesha mashtaka. Texas kuna mapatano yanayopendwa sana: unakiri, hakimu anaahirisha kukutia hatiani, unatumikia muda wa uangalizi, kesi inafutwa. Wakili wa jinai atakuambia kwa moyo safi kwamba huna hatia kwenye rekodi. Kwa macho ya uhamiaji unayo. Ukikiri mbele ya hakimu na ukawekewa masharti, hiyo ni hatia. Nimewaona watu wakisaini wakicheka, wakaja kulia miaka baadaye wanapoomba uraia.

Sasa swali lako la pili. Sheria ya Texas iko upande wa mwenye nyumba kuliko sehemu nyingi. Mtu akiingia kwa nguvu na kinyume cha sheria katika nyumba yenye watu, gari lenye mtu au mahali pa biashara, sheria inaanza kwa kukuamini kwamba uliona ulazima wa kutumia nguvu ya kuua, mradi hukumchokoza wewe na hukuwa unafanya uhalifu. Hutakiwi kukimbia kwanza. Texas ina hata kifungu ambacho majimbo mengi hayana, kinachoweza kuruhusu nguvu ya kuua kumzuia mwizi wa usiku asiondoke na mali yako, iwapo kwa akili ya kawaida hukuwa na njia nyingine ya kuiokoa. Mwaka 2007, Pasadena, pembeni tu ya Houston, mzee mmoja aliwapiga risasi na kuwaua watu wawili waliokuwa wanatoka kuiba nyumba ya jirani yake, huku mhudumu wa 911, nambari ya dharura, akimsihi kwenye simu abaki ndani. Baraza la raia linaloamua kama mtu ashtakiwe lilikataa kumshtaki. Wenzako kazini bila shaka wameshakusimulia kisa hicho, au kingine cha jinsi hiyo.

Ninachokuomba ni usikichukulie kisa cha mwingine kuwa kipimo cha chako. Neno linalobeba sheria hii yote ni “kwa akili ya kawaida”: je, mtu wa kawaida, akiwa pale, angeogopa hivyo? Wanaojibu ni polisi atakayefika saa tisa usiku, mwendesha mashtaka, na raia kumi na wawili wasiokujua. Wataangalia aliyeanguka ni nani, alikuwa anaingia au anakimbia, na wewe unaonekanaje kwao, na lafudhi yako. Nasema hili bila kuzunguka kwa sababu wewe ni mtu mweusi. Julai 2016, huko Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani na polisi. Alikuwa na kibali halali, na akamwambia polisi kwa upole kwamba ana silaha. Alipigwa risasi mbele ya mchumba wake na mtoto wa miaka minne. Polisi yule aliachiwa huru na mahakama. Oktoba 2019, Fort Worth, Texas, Atatiana Jefferson alikuwa nyumbani anacheza michezo ya video na mpwa wake wa miaka minane. Akasikia nyayo nje, akachukua bastola yake halali, akasogea dirishani. Nyayo zile zilikuwa za polisi aliyeitwa na jirani baada ya kuona mlango uko wazi, na ndiye aliyemuua. Polisi huyo alifungwa. Atatiana alifanya kile hasa ambacho wenzako wanakushauri ufanye.

Je, bastola inalinda? Hapa ndipo Wamarekani wenyewe wanapogombana, na kila upande una kisa chake. Novemba 2017, katika kijiji cha Sutherland Springs, Texas, mtu aliingia kanisani akaua zaidi ya watu ishirini. Jirani wa kanisa alitoka nyumbani kwake na bunduki yake, akamfyatulia muuaji, akamjeruhi na kumfukuza. Wanaotetea silaha wanasema: unaona? Asingekuwepo yule jirani ingekuwaje? Ni kweli. Lakini muuaji alikuwa amewahi kuhukumiwa na mahakama ya jeshi la anga kwa kumpiga mke wake na mtoto, na kisheria hakutakiwa kuuziwa hata risasi moja. Jeshi halikupeleka jina lake kwenye mfumo wa FBI, akanunua silaha zake dukani kwa fomu ileile 4473. Wanaotaka udhibiti wanasema: unaona? Hiyo nayo ni kweli. Tukio moja limewapa wote wawili hoja, na ndiyo maana nina mashaka na mtu anayejenga msimamo wake kwa kisa kimoja.

Ukihamia kwenye takwimu, vurugu haziishi. Utasikia kwamba Wamarekani hutumia silaha kujilinda mara milioni 2.5 kwa mwaka. Idadi hiyo ilichapishwa mwaka 1995 na watafiti Kleck na Gertz, waliopiga simu kwa watu karibu 5,000. Wachache waliosema “ndiyo, niliwahi” wakazidishwa kwa idadi ya watu wazima wote wa nchi. Mtu mmoja tu katika mia akikumbuka vibaya au akijisifu, hesabu nzima inafura. Upande wa pili, utafiti wa serikali kuhusu waathirika wa uhalifu hutoa idadi ya makumi ya maelfu tu, kati ya 60,000 na 70,000 kwa mwaka. Huo nao una kasoro: unamuuliza habari ya kujilinda yule tu aliyekwisha kusema alikumbwa na uhalifu, hivyo aliyemtisha mwizi akakimbia kabla ya lolote anaweza asihesabiwe. Ukweli uko mahali fulani katikati, na kwa maoni yangu uko karibu zaidi na ile idadi ndogo.

Kuhusu vifo hakuna ubishi wa namna hiyo, kwa sababu maiti huhesabiwa. Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa risasi Marekani. Kati yao 27,300 walijiua wenyewe. Waliouawa na wengine ni 17,927. Rudia kusoma. Bunduki nyingi zinazoua Marekani hazimuui mwizi wala mwenye nyumba aliyevamiwa; zinamuua mwenye bunduki au mtu wa nyumbani mwake, siku mbaya. Jamii zetu hazipendi kutaja habari za kujiua, tunasema “alikuwa na mambo yake”. Lakini wanaoshughulika na jambo hili wanajua kwamba wazo hilo mara nyingi huja kwa ghafla na hupita, na wengi walionusurika hawarudii. Anayejaribu kwa silaha ya moto, karibu tisa katika kumi hawapati nafasi ya kubadili mawazo. Una kijana wa miaka 15, umri ambao huzuni ya wiki moja huonekana kama ya maisha. Simfikirii vibaya mtoto wako, simjui. Ila nambari ya msaada, 988, ibandike kwenye friji hata kama hutanunua kitu.

Kuna utafiti mmoja ningependa mkeo ausome. Watafiti wa chuo cha Stanford walifuatilia mamilioni ya watu wazima wa California kuanzia mwaka 2004 hadi 2016, wakiwaangalia wale wasio na silaha wanaoishi na mtu mwenye bastola. Matokeo, yaliyochapishwa 2022: watu hao waliuawa kwa kiwango zaidi ya mara mbili ya wale ambao nyumba zao hazina silaha, na hatari ya kupigwa risasi na mwenza nyumbani ilikuwa kama mara saba. Wengi wa waliouawa hivyo walikuwa wanawake. Wapinzani husema, na si hoja ya kupuuza, kwamba pengine wanaonunua silaha ni wale walio tayari kwenye mazingira ya hatari. Hata hivyo watafiti hawakuona kinga: anayeishi na mwenye bastola hakuwa salama zaidi dhidi ya mvamizi kutoka nje.

Sasa nyumba yako yenyewe. Mwezi uliopita jirani alivunjiwa. Je, alikuwepo? Hukuniambia, na mimi nabahatisha kwamba hakuwepo. Takwimu za Wizara ya Sheria ya Marekani za mwaka 2003 hadi 2007 zinaonyesha kwamba katika uvunjaji wa nyumba, ni asilimia 28 tu ya matukio yaliyomkuta mtu ndani, na asilimia 7 ndiyo yaliyofikia mtu kutendewa ukatili. Mvunjaji anapenda nyumba tupu, na kitu anachokifurahia zaidi kukikuta humo ni bastola, maana inauzika usiku huohuo.

Halafu unafanya kazi usiku. Hapo ndipo ninapokwama kila nikijaribu kukubaliana na wenzako. Saa unazoziogopa, wewe hupo. Bastola italala nyumbani pamoja na mke asiyeitaka wala kujua kuitumia, kijana wa miaka 15, wadogo wawili na binamu. Au utakwenda nayo kazini, ambako mwajiri anaweza kuwa ameikataza ndani ya jengo, uiache garini kwenye maegesho, ambako magari huvunjwa. Sioni saa hata moja katika ratiba yako ambapo chombo hicho kingekuwa mkononi mwa mtu aliyefundishwa, mbele ya hatari unayoifikiria.

Kwa hiyo ushauri wangu: usinunue sasa. Sisemi kamwe. Fedha hizo, na bastola mpya na masomo yake si fedha kidogo, ziweke kwenye mlango imara wenye skrubu ndefu kwenye fremu, taa za nje zinazowaka mtu akipita, kengele ya kuzuia wizi, na kamera ambayo mkeo ataiona kwenye simu bila kufungua mlango. Kubalianeni chumba kimoja ambacho wote watakimbilia na kujifungia wakipiga 911. Na usichelewe kuomba uraia. Ukishaapa, hesabu ya uhamiaji inaondoka mezani na tutazungumza upya, ukiwa pengine umeshahamia zamu ya mchana.

Ukiamua kununua hata hivyo, ni haki yako na sitakunyanyapaa. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, usinunue maegeshoni kwa mtu wa mtandaoni. Chukua kozi ya kibali cha jimbo hata kama Texas haikulazimishi. Kibali hicho kinakupa kinga ya kiasi iwapo utajisahau uwanja wa ndege. Kasha la chuma linalofungwa kwa namba liwe limenunuliwa kabla ya bastola, na namba asiijue mtoto. Texas inamhesabia kosa mtu mzima aliyeiacha silaha yenye risasi mahali ambapo aliye chini ya miaka 17 ataifikia, na adhabu hupanda mtoto akiifyatua na mtu akaumia vibaya au kufa. Na siku yoyote polisi wakikugusa kwa jambo la silaha, usisaini mapatano yoyote kabla wakili wa uhamiaji hajayasoma, hata kama wakili wa jinai anakuharakisha.

La mwisho ni binamu yako. Umesema amekuja kusoma, nami nachukulia ana viza ya mwanafunzi. Kama ni hivyo, yeye yumo kwenye ile orodha ya shirikisho. Upo mlango mdogo kwa mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini asiupite kwa ushauri wa rafiki. Bila hiyo, akienda nawe uwanja wa shabaha akashika bastola yako, ametenda kosa la shirikisho, na wewe uliyempa ukijua hali yake umetenda lako. Mwambie leo, kabla hajapiga picha ya kuwatumia marafiki.